Nimeuza redio za dijitali Uingereza miaka minne: watu hawanunui teknolojia, wananunua kipindi

#1 – Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye ule uzi wa masafa ya FM kujaa Dar, mdau mmoja aliandika kwamba redio ya dijitali ikija huku kwetu, matangazo ya mwezi mmoja kwenye televisheni yanatosha, watu watakimbilia madukani wenyewe. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likawa refu, nikaona bora lipate uzi wake.

Kuanzia 2003 hadi 2007 niliishi Leicester, Uingereza. Mchana chuo, jioni na Jumamosi duka la vifaa vya umeme. Kaunta niliyopewa ilikuwa ya redio. Nimesimama pale nikiwauzia DAB, yaani redio za dijitali, watu wa kila aina, na nimezipokea nyingine zikirudishwa na risiti mkononi. Kwa hiyo hili jambo nalijua kwa upande wa kaunta, siyo kwa kusoma vipeperushi.

Kwa wasioijua DAB: kwenye FM kila kituo kina masafa yake. Kwenye DAB vituo kumi na zaidi vinapanda basi moja. Mtambo unarusha furushi zima, redio yako inalifungua na kukupa orodha ya majina kwenye kioo kidogo. Hukumbuki namba ya kituo wala huzungushi kitasa kutafuta, unachagua jina tu. Mradi wenyewe ulianza Ulaya mwaka 1987 kwa jina la Eureka 147. NRK ya Norway ilianza kurusha Juni 1995, BBC ikafuata Septemba mwaka huohuo.

Sasa sikilizeni kilichotokea baada ya hapo, maana ndipo penye somo. Miaka kadhaa BBC inarusha, na karibu hakuna anayesikia. Redio zilizokuwepo zilikuwa za kufunga kwenye gari au za kupanga kwenye rafu pamoja na mashine za muziki, bei yake mamia ya pauni. Na ujumbe wa mauzo ulikuwa mmoja: sauti safi kama CD.

Huo ujumbe ulikuwa na matatizo mawili. La kwanza, mwenye redio ya FM jikoni halalamikii sauti. Anapika, anasikia habari, ameridhika. Unamuuzia dawa ya ugonjwa asioumwa. La pili ni baya zaidi. Ili vituo vingi vienee kwenye lile basi, kila kimoja kilibidi kibanwe. Vingi vya muziki vilishushwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde kwa mfumo wa zamani wa kubana sauti, MP2, na vingine vikatolewa mono kabisa, bila stereo. Watu wenye masikio ya muziki waligundua mapema sana. Walikuja kaunta wakiniambia FM yao nyumbani ina sauti nzuri kuliko hii, na walikuwa wanasema kweli. Mimi nina kipeperushi mkononi kinachosema "kama CD". Unamjibu nini mteja wa namna hiyo?

Mwaka 2002 ndio uliogeuza mambo, na haukugeuzwa na tangazo. Yalikutana mambo mawili. BBC ilifungua vituo ambavyo kwenye FM huvipati: 5 Live Sports Extra mwezi Februari, 6 Music Machi, 1Xtra Agosti, BBC 7 Desemba. Na mwaka huohuo ikaja Pure Evoke-1 kwa pauni 99, redio ya kwanza ya DAB kushuka chini ya pauni 100. Ukiiona hutaidhania ni mtambo wa kisasa. Kasha la mbao, mpini juu, spika moja mbele, vitufe vichache. Nilipoifungua mara ya kwanza kwenye boksi nilikumbuka redio ya mbao ya babu yangu Korogwe, ile iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Bibi wa Kiingereza wa miaka sabini aliichukua bila kuuliza chochote kuhusu dijitali. Aliuliza kama ipo ya rangi nyingine.

Nisimulie mteja mmoja, halafu niwaachie jamvi.

Kiangazi cha 2007 timu ya kriketi ya India ilikuja kucheza Uingereza. Akaja mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu. Aliposoma jina langu kwenye beji akaniuliza kwa Kiswahili, "Kijana, wewe mtu wa pwani?" Nilishtuka. Kumbe amezaliwa Jinja, wakafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, ndiyo wakafika Leicester kama Wahindi wengi wa Uganda. Kiswahili alijifunzia dukani kwa baba yake.

Shida yake ilikuwa hii. Kriketi aliisikiliza kwenye mawimbi marefu ya Radio 4, kilohezi 198. Mawimbi yale yalinguruma kila friji ilipowaka, na mchezo ukiwa umekolea waliukata ili wasome taarifa ya hali ya bahari kwa ajili ya meli. Alisema, "Mimi sina meli." Kwenye 5 Live Sports Extra kriketi ileile ilikwenda bila kukatwa. Nilimwekea pale kaunta, akasikiliza kama dakika tatu hivi, akatoa pochi. Neno "dijitali" sikulitaja.

Siku tatu baadaye kairudisha. Jikoni kwake ilikuwa inatoa sauti kama uji unaochemka, blu-blu-blu, halafu kimya. FM ikidhoofika inakwaruza lakini unaendelea kusikia. DAB ikidhoofika inaanguka palepale. Kile kipeperushi hakikuwa na neno hata moja juu ya hilo, na msimamizi wangu alishatuambia tusizungumzie usikivu mpaka mteja aulize mwenyewe. Sikumrudishia pesa. Nilimwomba anipe anwani, na jioni nikaenda kwake. Redio ilikuwa imebanwa kati ya friji na ukuta, antena imekunjwa. Nikaihamishia dirishani, nikavuta antena yote, nikaisimamisha wima. Ikashika. Tukanywa chai ya tangawizi huku India ikiwa inapiga.

Baadaye alinipigia simu na lalamiko moja zaidi, na hili sikuweza kulitibu: vile vimlio vya saa vya BBC alivyorekebishia saa yake ya mkononi tangu 1972 sasa vinachelewa sekunde kadhaa. Ni kweli vinachelewa. Kufunga furushi na kulifungua kunachukua muda. Nilimwambia ukweli, akasema basi saa atairekebisha kwa redio ya zamani na kriketi atasikiliza kwenye mpya. Akabaki na zote mbili.

Kuanzia siku ile nilibadili namna yangu ya kuuza. Swali la kwanza kwa mteja likawa: unasikiliza nini, na unasikilizia wapi? Mengine yalifuata.

---

#2 – Mdau wa Mbagala

Siti ya mbele. Mkuu, umeeleza vizuri, ila nina hoja. Mbona TV ilihama na watu wakakubali? Tarehe 31 Desemba 2012 saa sita usiku Dar walizima analojia, watu tukapanga foleni ya ving'amuzi. Tulilalamika, tukanung'unika, lakini tulinunua. Redio wakizima FM watu watafanya nini? Si watanunua tu?

---

#3 – Mleta mada

Ndugu yangu wa Mbagala, swali zuri, na ndilo kosa ambalo hata wakubwa wa Uingereza walilifanya.

TV nyumbani kwako ni moja, labda mbili. Unanunua king'amuzi kimoja, TV ileile inaendelea. Na ulipokiwasha ulipata chaneli ambazo jana hukuwa nazo, kwa hiyo kilio kilikuwa na kifuta machozi. Redio hesabu mwenyewe: ya chumbani, ya jikoni, ya kwenye gari, ya kwenye simu ya kitochi, ya mlinzi getini, ya fundi cherehani barazani. King'amuzi cha redio ya mlinzi utakifunga wapi?

Jambo la pili, TV ilikuwa na tarehe. Makubaliano ya Geneva ya 2006 yaliweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho, na serikali zikabanwa. FM haimo kwenye mkataba ule. Uingereza walijaribu kujiwekea tarehe wenyewe: ripoti ya serikali yao, Digital Britain, ya Juni 2009 ililenga mwisho wa 2015. Watu waliposikia redio zao zitakuwa kopo tupu walikasirika. Jamaa zangu niliowaacha dukani wakawa wananiambia wateja wanauliza "mnazima lini" kabla ya kuuliza bei. Desemba 2013 waziri Ed Vaizey akasimama kusema wakati haujafika. Usikilizaji wa dijitali ulivuka nusu mwanzoni mwa 2018, asilimia 50.9, na hapo wamejumlisha DAB, TV na intaneti. Mapitio ya 2021 yakasema FM ibaki mpaka angalau 2030.

Hiyo ni nchi yenye pesa, yenye BBC, na tangu 2012 ilikuwa na kampeni nzima ya televisheni yenye mhusika wake, D Love. Tangazo la mwezi mmoja?

---

#4 – Mkenya wa Rongai

Sasa wadau. Niongezee hapo kwa TV. Sisi Februari 2015 tuliamka tukapata NTV, Citizen na KTN zote zimezimwa. Karibu wiki tatu hivi. Kesi zilikuwa zimezunguka mpaka mahakama ya juu, vituo vinataka virushe kwa mtambo wao wenyewe. Mama yangu kijijini hakuelewa kitu, alidhani TV imeharibika, akaita fundi. Fundi akafungua TV nzima. Nilipofika wikendi nikakuta skrubu zimewekwa kwa sahani.

Nasema hivi kwa sababu matangazo yalikuwepo! Kila siku "kuhama dijitali, kuhama dijitali". Lakini hakuna aliyemwambia mama: siku fulani skrini itakuwa nyeusi, TV yako ni nzima, unahitaji kitu hiki, kinauzwa pale, bei ni hii.

---

#5 – Mleta mada

Mkuu wa Rongai, skrubu kwenye sahani nimeziona kabisa. Pole kwa mama. Hayo maneno matano uliyoandika mwishoni yangetosha kuwa tangazo zima.

---

#6 – Dereva Oslo

Salaam kutoka baridini. Mimi nimeishi na jambo hili, niko Norway mwaka wa kumi na sita na naendesha teksi.

Hawa walizima kweli. Walianza 11 Januari 2017 kule Bodø, wakaenda mkoa kwa mkoa, wakamaliza 13 Desemba mwaka ule kaskazini kabisa. Vituo vya taifa vyote vikahamia DAB, vidogo vya mitaani vikaachiwa FM. Sababu zao zina mantiki: nchi hii ni milima na mabonde ya bahari, kufikisha FM kila shimo ni gharama kubwa, walisema mara nane ya DAB. Na badala ya vituo vitano vya taifa tulipata ishirini na vitu.

Hata hivyo kura ya maoni ya gazeti la Dagbladet kabla ya kuzima ilionyesha asilimia 66 hawataki. Wengi walikuwa madereva kama mimi. Gari langu la wakati ule halikuwa na DAB. Nilinunua adapta ya kubandika kwenye kioo, kroner zaidi ya elfu moja, waya unaning'inia mpaka kwenye shimo la sigara. Mwezi wa kwanza ilikuwa inaanguka kwenye mahandaki. Usikilizaji ulishuka mwaka ule, na abiria wangu vijana walihamia kwenye simu, hawakurudi tena.

Ila niseme na upande wa pili. Leo siwezi kurudi nyuma. Nina kituo cha habari saa ishirini na nne, nikienda milimani hakinipotei. Mleta mada yuko sahihi: ningeambiwa "utapata kituo cha habari cha siku nzima hata ukiwa Lillehammer" ningekuwa na moyo mwepesi zaidi. Mimi nilichosikia ni "FM inazimwa".

---

#7 – Mzee wa Mawimbi

Vijana mmesahau kwamba Afrika ilishawahi kuuziwa redio ya dijitali kabla ya hao wote hawajauza kitu. WorldSpace!

Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, aliianzisha mwaka 1990. Wazo lilikuwa kubwa na la heshima: setilaiti moja iangaze bara zima, mtu wa kijijini apate elimu na habari za afya bila kusubiri mnara. Setilaiti yao, AfriStar, ikarushwa Oktoba 1998, ikakaa nyuzi 21 mashariki. Mimi nilikuwa nafanya kazi Nairobi, nikanunua ya Hitachi. Ina kibao cha antena cha kufunguka kama kifuniko, unakielekeza magharibi juu, unasogeza kidole kwa kidole mpaka vijiti kwenye kioo vipande. Sauti ilikuwa safi ajabu. Nilisikiliza jazi usiku mpaka majirani wakaja kuuliza ni kanda gani.

Lakini niliinunua kwa pesa ambayo ilitosha kununua redio za betri kwa ukoo mzima. Chini ya mwembe haishiki, lazima anga iwe wazi. Ndani ya nyumba ya bati umekwisha. Baadaye wakaanza kudai malipo ya kila mwezi kwa kadi, wakati watu niliowajua hawana hata akaunti ya benki. Wateja wengi wakawa India, huko wakamchukua A. R. Rahman, mtunzi wa muziki wa filamu, awatungie mlio wa utambulisho. Oktoba 2008 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Yangu bado ninayo. Saa yake inafanya kazi.

---

#8 – Mleta mada

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili. Hii ya WorldSpace inaniuma kwa sababu nia ilikuwa safi na setilaiti ilifanya kazi. Kilichopungua ni kumtazama mtu wa kijijini kama mnunuzi mwenye mfuko wake na bati lake. Waliomkusudia hawakuweza kuinunua, na walioweza hawakuwa na shida ya habari.

Marekani nao wana yao, HD Radio, dijitali iliyopachikwa kwenye masafa yaleyale ya vituo vya kawaida, iliyoruhusiwa Oktoba 2002. Mwishoni mwa 2005 makampuni makubwa ya redio yaliungana kuitangaza, wakatumia muda wa hewani wa mamilioni ya dola kuelezea "vituo vilivyo kati ya vituo". Nakubali wazo hilo lilikuwa bora kuliko "kama CD", lakini msikilizaji wa tangazo anasikia FM yake vizuri, kituo cha ziada hakijui, na dukani muuzaji mwenyewe hajawahi kukisikia. Nimekuwa muuzaji. Kama hujanipa redio moja iliyowashwa pale kaunta na antena ya kweli juu ya paa, mimi sina cha kuuza.

---

#9 – Fundi Gerezani

Mkuu mimi ni fundi wa redio za magari hapa Dar. Nauliza kitu kimoja tu. Hivi hizo DAB zikija, magari yetu haya?

---

#10 – Mleta mada

Fundi, wewe umegusa penyewe, na ningekuwa na uwezo ningekupandisha cheo leo.

Unajua kuliko mimi: magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani. FM ya Kijapani inaanzia megahezi 76, zile za zamani zinaishia 90, kwa hiyo mteja anakuja kwako akilia hapati vituo na wewe unamfungia kile kiboksi cha kuongeza masafa. Japani hawatumii DAB. Ulaya waliandika sheria: tangu 21 Desemba 2020 kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya lenye redio lazima lishike dijitali ya minara ya ardhini, siyo ya setilaiti. Hiyo sheria imewasaidia kuliko matangazo yote, kwa sababu mtu anaikuta redio kwenye gari aliyoshanunua. Sisi hatuna kiwanda cha kukishurutisha. Gari linalofika bandarini mwaka huu limetengenezwa kwa ajili ya barabara za Osaka miaka kumi iliyopita.

Kwa hiyo yeyote atakayeileta huku aanze na wewe gereji, kabla ya kwenda televisheni. Akuletee kifaa, akufundishe kukifunga, akuachie faida inayoeleweka. Na ahakikishe kinashika mfumo wa DAB+, toleo jipya la DAB. Ule ulitoka 2007, na Waingereza waliokwisha kununua redio za kwanza waligundua hazina uwezo wa kuufungua. Hao walikuwa wateja waaminifu kuliko wote, walionunua mapema, na ndio walioachwa.

Halafu kipindi. Mechi za ligi zikichezwa nne kwa wakati mmoja, redio ya FM inachagua moja. Kwenye furushi la dijitali unaweza kumpa mtu wa Mbeya mechi ya Mbeya na mtu wa Kagera ya Kagera, saa ileile, mtangazaji yuko uwanjani. Mtu wa Mbeya atanunua redio kwa hiyo. Namwona kabisa.

---

#11 – Binti Tabata

Shikamooni wote. Uzi mzuri. Samahani nitoke nje ya mada kidogo. Kaka yangu yuko London, anakuja wiki ijayo na amemnunulia baba redio ya DAB. Baba ana miaka 78, anasikiliza taarifa ya habari na mazungumzo baada ya habari tu. Itafanya kazi?

---

#12 – Mleta mada

Marahaba dada. Mwambie kaka asome ubavuni mwa boksi. Ikiandikwa DAB peke yake, vituo anavyosikiliza mzee havitashika, maana viko FM. Ikiandikwa DAB na FM pamoja, hakuna wasiwasi. Nyingi huwa nazo zote mbili. Ikifika, kaka aiweke FM, atafute kituo cha mzee, akihifadhi kwenye kitufe namba moja, na amwonyeshe kitufe hicho kimoja tu. Plagi ni ya pini tatu za mraba kama zetu. Antena ivutwe yote.

---

#13 – Binti Tabata

Kanitumia picha ya boksi sasa hivi. DAB, DAB+, FM. Asante sana kaka. Baba anauliza kama itashika RTD, ndivyo anavyoiita TBC Taifa mpaka leo. Nimemwambia itashika.